Gramu Kumi na Nane

Hilje Drenth alimlaza mtoto kwenye mizani akiwa uchi, akaondoa mkono, akangoja namba zitulie. Kilo tatu na gramu mia moja hamsini. Akamwinua, akaifuta mizani, akamlaza tena. Namba ikawa ileile.

"Vipi?" Lianne aliuliza kutoka kitandani. Kitanda chake kilikuwa kimeinuliwa juu ya magogo manne ya mbao, kama kazi ya Hilje ya kuhudumia wazazi majumbani inavyotaka ili mgongo wa mhudumu usivunjike, basi mzazi alikuwa ameketi huko juu kama mtu aliyepandishwa jukwaani na hana hotuba.

"Ameshuka tena."

"Sana?"

Ilikuwa Ijumaa. Jumanne alfajiri Roelfien alizaliwa katika chumba hikihiki, kilo tatu na gramu mia nne themanini, akalia kidogo, akalala. Kila mtoto hushuka siku za mwanzo, na hilo halikumtisha mtu aliyekuwa akiingia nyumba za wazazi kwa miaka thelathini na moja. Lakini wengine hushuka huku wanalia, wanalisaka titi, wanakunja ngumi. Huyu alikuwa anashuka huku amelala. Umanjano ulikuwa umetoka usoni na kufika kifuani. Nepi ya asubuhi ilikuwa na doa la rangi ya matofali mahali ambapo mkojo ulitakiwa kuwa mwingi.

Kanuni ya ofisi ilisema asilimia kumi. Mtoto akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, mhudumu anaruhusiwa kubaki, tena anaweza kudai mkunga aje saa hiyohiyo. Akiwa hajafika hapo, skrini anayoandikia uzito inaonyesha kijani na mhudumu anafuata ratiba. Roelfien alikuwa amebakiza gramu kumi na nane kuufikia mstari huo. Kijiko kimoja cha sukari, kilichojazwa vizuri. Mtu fulani ambaye hajawahi kubeba mtoto aliyelegea alikaa mezani akauchora mstari ule, na Hilje alitakiwa kusimama upande huu akimtazama mtoto anavyousogelea.

"Tumwamshe," alisema.

Walimwamsha kwa kazi kubwa. Hilje alimsugua nyayo, akampitishia kitambaa cha maji baridi shingoni, akamweka kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi. Roelfien alifungua kinywa, akanyonya mara tatu, akaliachia titi. Lianne akakamua matone machache kwa mkono, Hilje akayavuta kwa sirinji isiyo na sindano, akayadondosha shavuni mwa mtoto moja baada ya jingine. Zoezi zima lilichukua dakika arobaini. Ilikuwa imefika saa tatu na nusu asubuhi.

Dini, mama mkwe wa Lianne, alipanda ngazi na sinia ya kahawa. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka karibu sabini, mwenye miguu mibovu na moyo mkubwa, aliyejitolea kushika nyumba wiki nzima. Mwanawe Wubbo alikuwa ameondoka kwenda manispaa kumwandikisha mtoto, maana leo ilikuwa siku ya mwisho inayoruhusiwa.

"Mnamsumbua tena?" Dini aliuliza. "Mtoto mwema kama huyu. Tangu azaliwe hajatuamsha hata mara moja."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, Dini."

"Haya. Sisi mtoto akilala tulikuwa tunashukuru. Ninyi mkiona mtoto amelala mnaita mkunga."

"Na huyo mkunga naenda kumwita sasa hivi."

"Nilijua tu," Dini alisema, akammiminia kahawa.

Mkunga Jantine alipokea simu huku nyuma yake mwanamke mwingine akiguna kwa uchungu. Alikuwa na mzazi mwingine huko Nieuwolda, hawezi kutoka kabla ya saa kumi. "Kila saa tatu, Hilje, mwamsheni bila huruma. Akikataa kuamka, au joto likishuka, msinisubiri mimi."

Hilje alikuwa bado anaandika maneno hayo alipopigiwa na Corina, msichana wa ratiba ofisini.

"Hilje mpenzi, nakuhitaji Veendam saa sita. Mwenzako ameumwa, na kule kuna mapacha."

"Hapa siondoki. Mtoto ananitia wasiwasi."

"Naangalia hapa, asilimia tisa na nusu. Ni kijani."

"Corina, mimi namwangalia mtoto. Wewe unaangalia rangi."

"Sio mimi, mpenzi, ni mfumo. Na familia hii ilipangiwa saa tatu kwa siku. Umeshakaa saa tatu na nusu jana."

"Kesho anakuja nani?"

"Kesho ni wikendi. Tumeandika kwamba bibi wa mtoto yupo."

Hilje alikata simu. Alikuwa na kumbukumbu ndefu na hakuionea aibu. Bibi yake, Trientje, alizaa watoto saba katika nyumba za kiwanda cha kadibodi, mwendo wa dakika tano kutoka hapa, na kila mara siku ya tisa alikuwa amerudi kufunga mabunda huku maziwa yakimlowesha gauni. Wa nne aliitwa Eltjo. Familia ilipomtaja ilisema alikuwa mpole. Alilala tu, hakusumbua mtu, na siku ya kumi na moja wakamzika. Mke wa mwenye shamba, ng'ambo ya mfereji, yeye alikuwa na mhudumu ndani ya nyumba wiki sita. Watu wa hapa hawakupewa mhudumu kwa sababu kuna mtu aliwaonea huruma. Walisimama getini kwenye baridi, waligoma, wakapigwa, wakagoma tena, na baada ya miaka mingi ikakubalika kwamba hata mke wa kibarua atapata mtu wa kumwosha, kumlisha na kumtazamia mtoto. Hilje alipoanza kazi zilikuwa saa nane kwa siku. Kisha wakasema sita zinatosha. Sasa ni tatu, na wamezipa jina tamu: huduma inayomfuata mteja. Hakuna aliyetangaza kwamba haki ile imeondolewa. Walikuwa wanaipunguza kama mtu anayekata mkate wa mwenzake vipande vyembamba, akitumaini mwenyewe hataona.

Na mapacha wa Veendam nao walikuwa watoto wa mtu. Huo ndio ulikuwa ujanja wa ofisi: daima walikutuma kwa mtoto mwingine, na ukikataa, mbaya ni wewe.

Saa tano na nusu alivaa koti. Alimwinamia Lianne akamshika mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Saa sita na nusu unamwamsha. Usisubiri alie, hatalia. Hana nguvu ya kulia. Mvue nguo, mpitishie maji, mkamulie. Halafu saa tisa na nusu tena. Umetega kengele kwenye simu?"

"Nimetega." Lianne alikuwa na miaka ishirini na minne, mwenye macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi. "Lakini Hilje, saa sita wanakuja shangazi zake Wubbo. Na saa saba hadi saa tisa ni za kupumzika. Tuliziandika kwenye kadi."

"Saa za kupumzika ni zako. Mtoto hajui kusoma kadi."

Lianne alitabasamu kwa adabu, na tabasamu lile lilimfuata Hilje hadi garini. Angetakiwa kuvua koti alipoliona. Alijua mambo ya kadi zile za kutangaza mtoto. Zilikuwa zimechapwa mwezi mzima kabla ya uchungu kuanza, zikabakizwa jina na tarehe tu, na chini kabisa kwa herufi ndogo nzuri: mama na mtoto wanapumzika kuanzia saa saba hadi saa tisa. Katika Pekela yote, mji wao huu, hakuna mtu atakayebonyeza kengele ya nyumba saa hizo. Mtu wa posta ataweka kifurushi chake kwa jirani, na jirani atatembea kwa ncha za vidole. Ni heshima wanayoijua tangu utotoni, na wanaifuata kuliko wanavyofuata kanisa.

Kule Veendam mapacha walikuwa wazima na wanapiga kelele kama mnada. Hilje aliwabadilisha nepi, akampikia mama yao uji, akampima joto. Saa saba kasorobo alimpigia Lianne. Simu iliita hadi ikakatika. Saa saba akapiga tena, na saa saba na nusu, kisha akapiga simu ya Wubbo, ambaye alikuwa bado kwenye foleni manispaa.

"Wamepumzika, dada Hilje," Wubbo alinong'ona, kana kwamba hata kule foleni angewaamsha. "Si ndizo saa zenyewe?"

"Mtoto amenyonya saa sita na nusu?"

"Nadhani. Mama yupo nao."

Nadhani. Hilje aliwaambia wazazi wa mapacha kwamba anaondoka nusu saa mapema, na akawaambia kwa nini. Baba wa mapacha, aliyekuwa amebeba mmoja kila mkono, alimwitikia kwa kichwa tu. "Nenda," alisema. "Hawa wetu tunawasikia."

Barabara ya kando ya mfereji ilikuwa tupu. Hilje aliendesha huku akitukana kwa lugha ya nyumbani kwao, na matusi mengine yalikuwa ya bibi yake. Alimtukana Corina, akamtukana aliyemwajiri Corina, akamtukana yule wa mezani na mstari wake. Alipomaliza hao alijitukana mwenyewe, kwa sababu alivaa koti alipoambiwa.

Saa nane na robo alifika. Korongo wa mbao, yule anayewekwa kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, alikuwa amesimama bustanini na kifurushi chake cha rangi ya waridi mdomoni. Mlangoni palikuwa na kibao: wanalala, tafadhali usibonyeze. Hilje alibonyeza kengele, akaiachia, akabonyeza tena, na safari hii hakutoa kidole. Ng'ambo ya barabara pazia lilisogea.

Dini alifungua mlango nusu, uso umemwiva.

"Una wazimu wewe? Ndiyo kwanza wamepata usingizi."

"Amenyonya?"

"Wewe mwenyewe ulisema apumzike mzazi."

"Dini. Mtoto amenyonya saa sita na nusu?"

"Wageni walikuwepo." Dini aliushikilia mlango. "Shangazi watatu. Tumekula biskuti zetu za kumpokea mtoto, zile za punje za sukari, mtoto amepita mikono yote, hakutoa hata sauti. Kila mtu kasema hajaona mtoto mtulivu kama huyu. Ningemvua nguo mbele ya watu nimmwagie maji? Halafu ikafika saa saba."

"Na kengele ya simu?"

Dini alitazama pembeni. Simu ya Lianne ilikuwa juu ya friji, imezimwa sauti. "Ililia, Lianne akashtuka usingizini. Hajalala siku tatu yule. Nikaichukua."

"Nipishe."

"Saa tisa nitawaamsha mwenyewe."

"Nipishe, Dini, au nipite juu yako, na unajua nitapita."

Dini alimpisha. Hilje alipanda ngazi na viatu vyake vya barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mzazi maisha yake yote. Lianne alikuwa amelala mdomo wazi. Kitandani mwake mtoto alikuwa amefunikwa vizuri, blanketi limekunjwa na kubanwa chini ya godoro kama inavyoelekezwa, uso wake mdogo wa rangi ya siagi umetulia. Ungeweza kumpiga picha ukamweka kwenye kalenda.

Hilje alimfunua, akamwinua. Mikono ya mtoto ilining'inia. Alimsugua nyayo, akamkuna mgongo kwa kucha, akampulizia usoni. Hakuna. Utosi ulikuwa umebonyea. Kipimajoto kikasema thelathini na tano na nukta nane.

"Lianne. Amka, mwanangu. Fungua shati."

Alimweka mtoto katikati ya matiti ya mama yake, akawafunika wote wawili, na huku bega likiibana simu sikioni akapiga hospitali moja kwa moja. Hakumpitia mkunga, wala ofisi. Aliongea kwa namba tupu: umri wa siku tatu, saa tano bila chakula, joto, uzito wa asubuhi, haamki. Sauti ya upande wa pili ilisema mleteni sasa hivi.

Lianne alikuwa hajaelewa. "Saa ngapi?" aliuliza. "Sikusikia kengele. Hilje, mbona sikusikia kengele?"

Dini alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Hilje hakumsemea. Chini mlango ulifunguka na Wubbo akaingia akipunga karatasi ya manispaa.

"Tayari, ni raia," alisema akipanda. Kisha akaona nyuso zao.

"Rudi ukawashe gari," Hilje alimwambia.

Hospitalini walimchoma kisigino mtoto, wakachukua damu, wakampitishia mrija mwembamba puani hadi tumboni, wakamlaza chini ya taa ya buluu akiwa na miwani ya kitambaa. Kilo tatu na gramu tisini. Sasa alikuwa ameuvuka mstari. Sasa alikuwa mwekundu kwenye skrini za watu wote. Daktari kijana alisema sukari ilikuwa chini sana, kwamba wamewahi, kwamba saa mbili zaidi zingekuwa habari nyingine. Alilisema kama pongezi. Hilje hakulipokea.

Alikaa kwenye korido na Dini, aliyekuja nyuma yao kwa teksi. Kwa muda mrefu Dini alikuwa akikunja na kukunjua glavu zake.

"Sema tu," Dini alisema mwishowe. "Maana naona unavyonitazama."

"Sikutazami wewe."

"Nilifikiri nawalinda."

"Najua."

"Hujui." Dini aliweka glavu magotini. "Mwaka sabini na nne nilimzaa Harm, wangu wa kwanza. Alikuja nesi na koti jeupe, hajazaa hata paka, akaning'inizia karatasi ukutani. Kila saa nne, na kabla ya hapo usimguse. Akilia mwache, anapanua mapafu, ukimwinua unaharibu. Nilisimama jikoni, Hilje, nikaiangalia saa ya ukutani, blauzi imelowa mpaka kiunoni, na mtoto analia mlango wa pili. Nikaingia mara moja kabla ya wakati. Siku ya pili akaniuliza, nikamwambia ukweli, akaandika. Akaandika kwenye daftari lake kwamba mama huyu hana msimamo." Alicheka bila furaha. "Kuanzia siku hiyo nikawa na msimamo. Harm akanyamaza baada ya wiki mbili. Wakanisifu."

Hilje alihisi hasira yake ikihama mahali. Ilikuwa imekaa juu ya mwanamke huyu tangu mlangoni, ingawa alikuwa amesema hamtazami yeye, na sasa haikuwa na pa kukaa hapo. Waliwafundisha wanawake hawa kuiogopa saa. Miaka hamsini wakawafundisha kwamba mtoto mzuri ni mtoto asiyesikika, wakawapa alama za kushinda na kushindwa. Baadaye wakageuza somo, na hawakumfuata hata mmoja kumwambia kwamba lile la kwanza lilikuwa upuuzi. Na walipopungukiwa wahudumu, wakaandika kwenye ratiba kwamba bibi yupo.

"Wewe hukukosa msimamo," alisema. "Ulikosa mtu wa kumfukuza yule nesi."

"Ungemfukuza?"

"Kwa ufagio."

Dini alipenga kamasi. "Leo umenisukuma mimi badala yake."

"Hukunipisha haraka."

Simu ya Hilje ilitetemeka. Corina.

"Hilje, Veendam uliondoka kabla ya muda. Na nimeona umepiga hospitali bila kupitia kwa mkunga wala kwetu. Meneja anataka kuonana nawe Jumatatu saa tatu."

"Jumatatu saa tatu nitakuwa kwa Lianne. Kesho pia. Keshokutwa pia."

"Hujapangwa kule. Ukienda bila kupangwa hakuna bima, na hakuna malipo, na ukweli ni kwamba unaweza kupoteza kazi. Nakwambia kama rafiki."

"Na mimi nakwambia kama rafiki, chukua kalamu. Andika kwamba leo asubuhi nilimwambia Corina mtoto ananitia wasiwasi, na Corina akaniambia ni kijani. Weka na jina lako. Nami nitaandika hivyohivyo, nitampa mama wa mtoto nakala, atampa yeyote atakayeiomba."

"Hilje, mimi nilifuata mfumo tu."

"Ndiyo. Mimi pia nilivaa koti. Nalo liandike."

Alikata simu.

Saa kumi na mbili kasorobo nesi wa wodi aliwaita. Sukari ilikuwa imepanda, mtoto angeweza kujaribu titi kabla ya kurudishwa chini ya taa. Wubbo alikuwa ameegemea dirisha, ile karatasi ya manispaa imekunjwa mfukoni. Lianne alikuwa kwenye kiti kikubwa, nywele zimemsimama, na usoni pake ile adabu ya asubuhi haikuwapo tena. Nesi alimkabidhi mtoto, naye Hilje akasogea, mikono tayari imetangulia, kama ilivyozoea miaka thelathini na moja.

"Hapana," Lianne alisema. "Niacheni nifanye mwenyewe. Wewe kaa pale uniambie nikikosea."

Hilje akakaa.

Lianne alimvua mtoto blanketi, akamvua na fulana. Alichovya kitambaa kwenye maji akakipitisha shingoni, mgongoni, chini ya miguu, tena na tena, kwa mkono ambao haukuwa mpole. Dini alifinya uso lakini hakumzuia. Roelfien alikunja paji la uso. Alijinyonganyonga, akainua ngumi moja, kisha akalia, kilio kikavu chenye kukwaruza, kilichotoka vipandevipande kama kitu kinachopasuliwa, na watu wa kitanda cha pili wakageuka.

"Pole," Wubbo aliwaambia wale watu, kwa mazoea.

"Usiwaombe msamaha," mkewe alimkata.

Akamweka mtoto titini kinywa kikiwa bado wazi. Roelfien alinyonya mara kumi na mbili, akasikika akimeza, kisha kope zikaanza kumshuka tena, na Lianne akanyoosha mkono akachukua kitambaa cha maji.